Josia Asiambiwe

Ng'ombe wa Ulaya wanavaa kengele. Domitila aliipokea habari hiyo akiwa amelala ubavu kwenye godoro, sebuleni kwa binti yake Kabula, pale Somanda mjini Bariadi, na ilimchekesha mpaka akashika tumbo kwa maumivu. Kitinda mimba wake, Josia, alikuwa ametuma video kutoka milima ya Austria. Ng'ombe wanene, ngozi zinang'aa, wanakula majani mabichi katikati ya Julai, kila mmoja kavishwa kengele kubwa kama sufuria, na hakuna binadamu anayewachunga.

"Muulize, wezi wako wapi?"

Kabula akabonyeza kitufe cha kurekodi, akauliza. Jibu lilirudi upesi, sauti ya Josia ikipigana na upepo, ikianza na salamu ya Kisukuma kwa mama: "Mayu, mwadila! Huku hakuna wezi wa ng'ombe."

"Basi hao si ng'ombe," Domitila alisema. "Ng'ombe gani hata mwizi hamtaki?"

Hiyo nayo ilitumwa, na huko milimani Josia akacheka mpaka akakohoa. Mtu angewasikia angedhani hii ni familia isiyo na shida yoyote duniani.

Josia alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamivu huko Hungaria, akisomea udongo. Kiangazi kikifika, chuo hufungwa, na wanafunzi humwagika Ulaya nzima kwa treni, mabegi mgongoni, wakila mikate mikavu kwenye ngazi za makanisa na kulala popote penye kitanda cha bei poa. Yeye naye alijiunga na kundi. Domitila hakuwaelewa kabisa watu wanaofurahia kiangazi. Kiangazi alichokijua yeye ni mavumbi, malambo yaliyobaki tope, ng'ombe waliotoka mbavu, na pamba iliyojaa ndani ya nyumba ikingoja mnunuzi. Lakini safari za mwanawe alizipenda kuliko dawa. Kila asubuhi, kabla hata ya uji, alikuwa akiuliza, "Leo tuko wapi?" Alisema "tuko", naye Kabula hakumsahihisha.

Alichokuwa hajui Josia ni kwamba mama yake anakufa.

Ini lilikuwa limekwisha. Madaktari wa Mwanza walisema arudishwe nyumbani akapumzike, maneno ambayo kila mtu anayaelewa na hakuna anayeomba yafafanuliwe. Alirudishwa, ila si kijijini Sapiwi kwenye mji wake, bali Somanda kwa Kabula, ambako hospitali iko karibu maumivu yakizidi. Mume wa Kabula, Shija, alikuwa barabarani na lori la pamba msimu mzima. Kazi ya kumgeuza mgonjwa, kumsafisha na kumlisha ikawa ya Kabula peke yake, huku barazani cherehani inamngoja na wateja wanadai magauni yao. Na kazi ya kumdanganya Josia ikawa yake pia, kwa sababu simu ilikuwa yake.

Msiwe wepesi wa kulaumu. Baba yao alipofariki, Josia alikuwa kidato cha sita, wiki ya mtihani wa mwisho. Walimwita. Alikuja, akazika, akanyolewa kipara pamoja na wafiwa wengine kama ilivyo desturi, kisha akarudi kwenye chumba cha mtihani na kichwa kisicho na nywele wala kitu kingine chochote. Alipata sifuri. Mwaka mzima alikaa Sapiwi akichunga ng'ombe, haongei na mtu, na Domitila akawa anamfuata kwa mbali malishoni kwa hofu kwamba atajidhuru. Ndiyo maana ukoo uliapa kwamba mtoto huyu akiwa masomoni hapelekewi habari mbaya. Mwezi wa nne, Josia alipouliza kama aje likizo nyumbani, macho ya mama yake yalikuwa yameshageuka manjano.

"Aje aone nini?" Domitila alisema. "Mwambie atembee. Mwambie mimi nina pamba shambani, sina muda wa kupokea wageni."

Kabula aliandika hivyo hivyo. Josia akacheka, akaenda kukata tiketi za treni.

Hata video walimnyima. Domitila hakutaka kuonekana jinsi alivyopukutika, basi Kabula akasema simu yake ilianguka, kamera haifanyi kazi. Ulikuwa uongo mdogo, wa kwanza, na ulimtoka kwa shida kama mwiba. Uliofuata ulitoka kwa urahisi zaidi.

Kuelekea mwisho wa Julai, Domitila aliacha kuuliza wako wapi. Jumanne moja shemeji yake, Marcelo, alifika kutoka Sapiwi na dumu la maziwa. Huyu ndiye baba mdogo wa Kabula na Josia, na tangu kaka yake afariki yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho katika mji ule, hata kwa mambo asiyoyajua. Alikuwa hajamaliza kusalimia, Domitila akafumbua macho, akamtazama yeye na Kabula.

"Mwiteni Josia. Nataka nimwone."

"Shemeji," Marcelo alisema, "si wewe mwenyewe ulikataza?"

"Nilikataza. Sasa nasema aitwe. Nimechoka kumsikia kwenye simu. Aje nimshike."

Marcelo alimwita Kabula nje, wakasimama karibu na cherehani.

"Mgonjwa akifika hapo huita kila mtu," alisema kwa sauti ya chini. "Jana si umeniambia alimwita baba yako? Huyo naye tungemtoa wapi?"

"Lakini baba, Josia yu hai. Ni kupanda ndege tu."

"Na masomo? Unataka arudi tena pale nyuma ya ng'ombe, akodoe macho kama kipofu? Mimi nilimwona mwaka ule. Hapana. Tusubiri kidogo."

Aliondoka bila kumaliza chai. Kabula hakubisha, maana alilelewa kutobishana na baba zake, na malezi hayo watu humsifu kwayo. Lakini moyoni alikata shauri kwamba kesho atampigia Josia mwenyewe, liwalo na liwe.

Kesho yake, kabla hajapiga, picha iliingia. Josia yuko kituo cha treni na wenzake, viatu vya kupandia mlima miguuni, begi limempita kimo, meno yote nje. Sauti ikafuata: "Dada, ndiyo tunapanda hivi. Kule juu hakuna mtandao, tutashuka Jumapili. Mwambie mayu wezi wa ng'ombe nitawatafuta mpaka niwapate."

Kabula aliitazama ile picha akiwa amesimama katikati ya sebule, beseni mkononi. Uso ule hakuwa ameuona tangu kabla ya msiba wa baba yao. Alidhani ulishakufa. Akawaza, nikimwambia sasa ataisikia habari hii kwenye kituo cha treni, katikati ya Wazungu, hakuna hata mmoja anayejua kumshika. Acha apande. Jumapili akishuka nitamwambia. Mama atafika Jumapili, leo amemeza vijiko vingi vya uji.

"Safari njema," aliandika. "Mama anakusalimu."

Ndivyo ilivyokuwa rahisi.

Domitila hakupiga kelele. Angepiga kelele pengine ingekuwa nafuu. Alikuwa anauliza tu, "Josia amefika?" na Kabula anajibu, "Yuko njiani, mama." Tatizo lilikuwa wateja. Kila mteja aliyekuja kuulizia gauni lake alipiga hodi mlangoni, na kila ilipopigwa hodi Domitila aliinua kichwa kutoka kwenye mto. Mara ni mwalimu anafuata sketi, mara ni mama wa kwaya anafuata sare, na kila mara kile kichwa kinapanda, kinatazama mlango, kinashuka. Alhamisi jioni Kabula aliitoa cherehani barazani, akaificha uani, na bado watu walikuja. Ijumaa kichwa hakikuinuka tena. Yalikuwa macho tu yanayokwenda mlangoni.

Alipiga simu mpaka kidole kikamuuma. Namba haipatikani. Akaandika, "Nipigie ukiona hii," akaifuta, akaandika tena, na haikufika kokote. Jumamosi, saa ambayo watu hurudi sokoni na mboga zao, Domitila alifariki akiwa ameelekea upande wa mlango.

Alizikwa Jumapili huko Sapiwi, kando ya mumewe. Padri alikuwa anamalizia sala wakati simu ilipoanza kutetemeka ndani ya kanga ya Kabula. Alijua ni nani. Josia alikuwa ameshuka mlimani. Kabula aliichomoa, akaitazama, akamtazama Marcelo ng'ambo ya kaburi. Marcelo alitikisa kichwa. Mama mdogo Felisita, mdogo wake Domitila, akaichukua ile simu kutoka mkononi mwake kwa upole, akaizima, na makoleo yakaendelea.

Kikao cha ukoo kilikaa jioni ile ile. Mmoja mmoja watu wa ukoo huu wana akili timamu, lakini wakikaa pamoja, Mungu mwenyewe ndiye anayejua kinachowapata. Marcelo alisema, "Josia asiambiwe mpaka amalize masomo," na wazee wakaitikia kama ametaja mvua.

"Baba, chuo kimefungwa," Kabula alisema akiwa amepiga magoti. "Hana mtihani. Yuko likizo. Anatembea."

"Anatembea wapi?"

"Milimani."

Marcelo akawageukia wenzake. "Mtu anasomea udongo, yuko milimani. Sasa hapo likizo iko wapi?"

Wazee walikubaliana kwa kauli moja kwamba hayo ndiyo masomo yenyewe. Kabula aliinama. Angeweza kupiga simu usiku huohuo, hakuna aliyemfunga mikono, na hili alilijua vizuri. Lakini tayari lilikuwapo lile neno, safari njema, na yeyote atakayemwambia Josia habari hii atalazimika kulieleza. Kwa hiyo, kama tunataka kusema ukweli, amri ya Marcelo ilimkera na ilimsitiri pia. Siku ya kuondoa matanga wafiwa walinyolewa, na Kabula akarudi Somanda na kipara kilichofunikwa kitambaa.

Ukaanza uongo wenyewe. Josia alikuwa sasa Slovenia, mara yuko Kroatia, na kila alipofika alituma kitu: ziwa la rangi ambayo mtu angedhani limetiwa dawa, kanisa juu ya kisiwa, mzee anayeuza nyanya barabarani kama mzee yeyote wa Lamadi. "Mpe mayu asikilize." Kabula alijibu kwamba mayu yuko Sapiwi, wanafunga pamba. Kwamba mayu amekaukiwa sauti kwa ajili ya vumbi. Kwamba mayu amesikia na anauliza, hilo ziwa lina samaki gani, na kama lina samaki mbona hakuna mtu anayevua?

Hilo la mwisho alilitunga mwenyewe, na Josia alicheka sana. "Huyo ndiye mama yangu! Hajabadilika hata kidogo."

Kabula aliweka simu chini, akalia juu ya kitambaa cha mteja mpaka ikabidi akifue. Alikuwa anajua kwa hakika kila swali ambalo mama yake angeuliza. Akawa anayauliza. Katika wiki zile Domitila aliendelea kutania, kushangaa na kukosoa mapishi ya Wazungu, na kusema kweli alikuwa na afya kuliko alivyokuwa mwaka mzima.

Desturi ndiyo iliyomuumbua. Mchana mmoja wa Agosti, joto limekaza, Kabula alikivua kitambaa kichwani ili apate hewa, akaendelea kushona. Simu ya video ikaita. Mteja mmoja alikuwa ameahidi kupiga amwonyeshe mshono, basi Kabula akaipokea kwa kidole kilichojaa nyuzi bila kuangalia jina, akaiegemeza kwenye cherehani, kamera ikimtazama usoni.

"Aa, dada, kumbe kamera imepona?" Josia alisema.

Alikuwa ndani ya treni. Nyuma yake dirishani mashamba ya alizeti yalikuwa yanakimbia. Kisha Kabula aliona tabasamu linaondoka usoni mwake taratibu, kwanza machoni, halafu mdomoni, na mkono wake yeye ukapanda wenyewe kukifunika kichwa. Nywele zilikuwa zimeanza kuchipua. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kigoda cha kunyolewa msibani hahitaji kuambiwa.

"Nani?" Josia aliuliza.

Lilikuwapo jina la shangazi mmoja mzee wa Ipililo, angeweza kulitaja. Alishalifikiria siku nyingi kwa ajili ya saa kama hii. Halikutoka.

"Dada. Nani amekufa?"

"Mama."

"Lini?"

Alimwambia. Josia hakulia. Alitazama dirishani kidogo, akarudi kwenye simu.

"Juzi ulisema anacheka," alisema, na simu ikakatika.

Alikuja. Kutoka Mwanza alipanda basi peke yake, akakataa kupokewa, na stendi ya Bariadi akachukua bodaboda iliyomfikisha mpaka Sapiwi, ng'ambo ya mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa. Wanawake walipomwona anashuka walianza kilio upya, Felisita mbele. Alipita katikati yao, akasimama kwenye kaburi muda mrefu, udongo mwekundu bado haujashuka vizuri. Aliuokota kidogo, akausugua kwa vidole kama anavyofanya kazini, akaurudisha. Kisha akaja uani walikokaa Marcelo na wazee, akasalimia kila mtu kwa heshima yake, akaketi kwenye kiti walichompa. Kabula alikuwa ameketi mkekani karibu na Felisita.

Marcelo alisema yaliyopaswa kusemwa. Kazi ya Mungu. Tulifanya kwa nia njema. Masomo yako. Josia alisikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza.

"Sina ugomvi na mtu," alisema. "Nina swali moja tu. Aliniita?"

Wazee walimtazama Marcelo.

"Hapana, baba," Marcelo alisema. "Alilala tu. Hakusumbuka hata kidogo."

"Baba, namwuliza dada."

Sasa wote wakamgeukia Kabula. Akili yake ilikwenda mbio. Akisema aliita, ataulizwa ni lini. Akisema Jumanne, Josia atakumbuka Jumatano, kituo cha treni, mtandao umejaa tele, na maneno yaliyotoka kwenye simu ya dada yake. Atajua kwamba wakati anafunga kamba za viatu mama yake alikuwa anatazama mlango. Ataishije na hilo? Na yeye Kabula, ataishije mbele yake? Hakujua ni nani kati yao aliyekuwa anamwokoa.

"Hapana," alisema. "Hakukuita."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Josia aliinamisha kichwa. Alizungumza akitazama chini, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Njia nzima nilikuwa namwomba Mungu iwe aliniita. Nikasema, hata kama sikufika, nikijua alinitaka, nitaweza." Akajaribu kucheka. "Kumbe alishanizoea kwenye simu."

Hapo ndipo Kabula alipoona alichokifanya. Alitambaa kutoka mkekani mpaka miguuni pa ndugu yake, akamshika magoti, na maneno yakamtoka hovyo mbele ya wazee wote. "Josia, alikuita. Nimekudanganya. Alikuita tangu Jumanne, alisema uje akushike. Kila mtu aliyepiga hodi alidhani ni wewe, alikuwa anainua kichwa kutazama mlango. Amekufa anatazama mlango, Josia. Nilikuwa nimwambie nani? Ulikuwa unapanda mlima, nikakuacha upande."

Josia alimtazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimtazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto anayempa kipande chake cha muhogo.

"Dada, ulisema pia anauliza habari za samaki wa lile ziwa."

"Hii ni kweli. Haki ya Mungu hii ni kweli. Baba, mwambie!" Kabula alimgeukia Marcelo. "Ulikuwepo! Mwambie alisema nini."

Marcelo alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya ukoo mzima. Alitazama mikono yake, akaitazama tena.

"Mimi siku ile nilileta maziwa," alisema, "nikaondoka."

Josia akamwinua dada yake kutoka chini, akamfuta vumbi magotini. "Wabeja, dada," alimshukuru. "Najua unanipenda. Lakini basi, usinitungie tena."